Kura ya Bombani

Watu wa Avenue Kalengera walianza kupiga kura kwa simu baada ya Maman Adèle kumpasua jirani yake kichwa kwa bidoni ya maji.

Ilikuwa bombani, asubuhi, foleni ndefu na maji yanatoka kidogo kidogo. Jirani alimruka Maman Adèle kwenye foleni, na Maman Adèle ni muuza makaa, mwanamke anayejitwika gunia bila kusaidiwa na mtu. Hakutukana wala hakuonya. Aliinua bidoni iliyojaa akaishusha. Damu ilichanganyika na maji ikafuata mteremko, maana Kadutu, mtaa wa mlimani, kila kitu kinafuata mteremko, na watoto waliokuwa chini wakawa wanairuka huku na huku wakicheka. Kesho yake ndugu za jirani walikuja na fimbo, wakakuta ndugu za Maman Adèle wanawangoja na mapanga. Kabla watu hawajatulia, mmoja alikuwa amekatwa sikio, na mlango wa mtu asiyehusika kabisa ulikuwa umeng'olewa.

Mapendo Bulonza aliyaona hayo yote akiwa amekalia furushi lake la viatu. Alikuwa akiuza viatu vya mitumba soko la Kadutu, kazi aliyoianza baada ya mume wake kwenda kuchimba dhahabu Shabunda na kuipata huko huko katika umbo la mke mwingine. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyolingana na kifua chake, na kwenye shirika lao la kikatoliki yeye ndiye aliyesoma matangazo. Yeye alimjua mtu kwa mguu kwanza, uso baadaye. Jambo moja lilimkera kuliko yote: watu kupigana juu ya kitu ambacho wangeweza kukizungumza.

Siku ile alirudi nyumbani akilaani. Binti yake Lucie, mwanafunzi wa chuo, alikuwa anapepeta mchele.

"Maman, juu ya nini hamupige kura mu simu?" Lucie akasema. "Batu bote bako na simu. Hata benye habana viatu."

"Kura ya nini? Ya rais?"

"Ya bomba."

Ndivyo lilivyozaliwa kundi la WhatsApp lililoitwa Kalengera Tusemezane. Mapendo aliingiza kila namba aliyoipata, karibu watu mia mbili. Lucie akamwonyesha namna ya kutuma swali lenye majibu mawili, mtu anafinya moja, simu inahesabu yenyewe na inaonyesha jina la kila aliyefinya. Swali la kwanza lilikuwa zamu za kuteka maji. Wakafinya watu kumi na kitu. Wengine wote walisoma wakanyamaza, maana watu wetu wanapenda kujua jambo kuliko kulijibu.

Mapendo akakasirika. Akatuma ujumbe wa sauti, na sauti ile baadaye ilimrudia vibaya:

"Bandugu, mwenye hatafinya mpaka kengele ya mangaribi, tutamuhesabu amekubali. Kanisa iko inafungisha batu ndoa vile. Padri anatangaza juma ya kwanza, ya pili, ya tatu, mutu hasemi kitu, basi, munakuwa bibi na bwana mpaka kufa. Kama kimya inatosha juu ya ndoa, itashindwa juu ya bomba?"

Watu walicheka, wakatuma vidole gumba, na sheria ikapita. Ikapita kwa kimya, bila shaka.

Na ilifanya kazi, tusimnyime haki yake. Zamu za maji zilikubaliwa, na vichwa vikaacha kupasuka. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja iliyokuwa imebaki ya wajane na wazee, ikajaa vijana wenye majembe kwa sababu majina ya waliofika yalisomwa kwenye kundi. Walichagua kamati ya mtaro. Walipotaka daraja dogo la mbao liingizwe kwenye bajeti ya komini, serikali ya mtaa, walituma sauti nyingi kwa simu ya ofisi, mama mmoja baada ya mwingine, wengine wakiimba, mpaka afisa mmoja akaja mwenyewe na viatu vyake safi kuomba waache. Daraja likajengwa. Papa Anaclet, shefu wa avenue, ambaye mwanzoni alisema kundi lile linamdharau, akaanza kulitumia kutangaza vifo na mbuzi waliopotea. Wasichana wa avenue jirani walikuja kujifunza. Mapendo alivimba kichwa kidogo, na nani asingevimba? Ila msimamizi wa kundi alikuwa yeye tu, hakutaka mwingine. Mama wa demokrasia alilala na ufunguo chini ya mto.

Kisha ikaja ile wiki mji ulipobaki bila mwenyewe. Askari wa serikali waliwakimbia waasi, gereza likafunguka, maghala yakavunjwa mchana kweupe. Risasi zililia mpaka watu wakazizoea. Mbele ya macho ya Mapendo, mwanaume aliyekuwa amebeba gunia la unga alipigwa risasi ya shingo, na aliyekuwa nyuma yake akalichukua gunia lile bila kuruka hata hatua, akaendelea kutembea. Mji ulipopata mwenyewe mwingine, polisi hawakurudi kama zamani. Wezi walirudi wote, wakiwa na silaha walizookota.

Hapo ndipo Hugues aliposimama. Alikuwa mwendesha pikipiki, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na binti mmoja, mpole siku zile. Alikusanya vijana, wakagawana filimbi na fimbo, na kundi likapiga kura kuwaunga mkono. Mwizi wa kwanza waliyemkamata walimchapa mpaka akajinyea. Wa pili walimvunja miguu yote miwili kwa nyundo ya mwashi. Mapendo alituma sauti ya kulalamika. Watu waliisikiliza, wakanyamaza.

Mwizi aliyewaumiza zaidi hakutoka mbali. Alikuwa Zagabe, mtoto wa avenue, shingo ndefu na maneno matamu, aliyekuwa akiiba tangu utoto: nguo kambani, kuku, na siku moja kiatu kimoja cha Mapendo, kimoja tu, jambo ambalo Mapendo hakulielewa wala hakulisamehe. Zagabe aling'oa robine, koki ya bomba, na mabomba ya chuma mpaka yanapoingia ardhini, akayauza kama chuma chakavu. Bomba likakauka. Wanawake wakaanza kushuka ziwani na kuteka maji yaliyopokea uchafu wa mji mzima. Kipindupindu hakikuchelewa. Kilichukua wazee wawili, kisha kikamchukua Tatiana, binti wa Hugues, aliyekuwa bado hajaanza shule. Alianza kuhara asubuhi, na jioni macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta hairudi. Hugues alimbeba kwenye pikipiki kumpeleka hospitali, na alipofika alikuwa amebeba maiti.

Zagabe alikamatwa Jumamosi moja kule Bagira, amelewa kasiksi, pombe ya ndizi. Walimleta kwa miguu, wakimpiga njia nzima, wakamfunga kwenye nguzo ya bomba kavu.

Mapendo alikuwa sokoni. Simu ililia ndani ya sidiria, akaitoa akidhani ni mteja. Ilikuwa picha ya Zagabe, jicho moja limefumba, na chini yake swali la Hugues: "Huyu achomwe? Ndiyo. Hapana." Na chini ya swali, Hugues alikuwa ameituma tena sauti ya zamani, sauti ya Mapendo mwenyewe, ya bomba na ndoa. Mwenye hatafinya mpaka kengele ya mangaribi, tutamuhesabu amekubali.

Aliisikiliza mpaka mwisho. Akasikia jinsi alivyokuwa anacheka alipokuwa akisema mambo yale. Aliacha viatu vyote kwa mwenzake wa meza ya pili na kupanda mlima mbio.

Huruma kwa Zagabe hakuwa nayo. Njiani alijichunguza akaiona haipo. Alichoona ni mtu atakayeungua kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake yeye, na watu wazima karibu mia mbili watakaokwenda kulala wakisema kura ilipita.

Alipofika, vijana walikuwa wanapumzika. Kupiga mtu kunachosha. Zagabe alining'inia kwenye kamba, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimepondwa kwa jiwe, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ukapoteza umbo. Alipumua kwa kinywa, na kila pumzi ilitoka na povu jekundu. Tairi lilikuwa limeegemezwa ukutani. Kidumu cha esanse, yaani petroli, kilikuwa katikati ya miguu ya Hugues, aliyekaa juu ya jiwe akitazama simu.

"Hugues, mwana wangu. Umufungue huyu mutu."

"Kura haijaisha, maman."

"Ile haiko kura! Kura ya kuua mutu uliona wapi?"

"Kwa weye." Hakuinua sauti. "Miye siko muuaji. Kule avenue ya juu bachoma mutu, kisha baskari bakaya kukamata bijana kwa majina. Huku hapana. Huku batakuta ni avenue njo imesema. Sheria ni yako, maman. Tuliifuata juu ya bomba, tuliifuata juu ya daraja. Sasa juu ya Tatiana haifai?"

Mapendo ndiye aliyekuwa amemvalisha mtoto yule viatu vyake vya mwisho, vyeupe, vya kuzikiwa.

"Aliniulia mutoto," Hugues akasema, na hapo sauti ikavunjika. "Aliuza robine, akakunywa pombe. Mutoto wangu alikunywa kinyesi."

Akainuka akampiga Zagabe teke la tumbo, teke moja, la mtu anayepita. Zagabe alitoa sauti ndogo. Mkojo wake ulikuwa damu tupu.

"Sawa," Mapendo akasema. "Mpaka kengele. Umesema mpaka kengele. Usimuguse tena."

"Niko nangoja."

Kweli aligeuza uso akangoja. Hilo ndilo lililomtisha Mapendo kuliko kidumu cha esanse: Hugues aliiheshimu kura ile kwa moyo wote.

Mapendo akaanza nyumba kwa nyumba. Aligonga, akaingia bila kukaribishwa, akawashikisha watu simu zao wenyewe. "Ufinye hapana. Finya." Akakuta kila nyumba ina ugonjwa wake. Mwalimu mmoja alisema yeye hafanyi siasa. Mama mmoja alisema mega za intaneti zimeisha tangu asubuhi, na simu yake ikalia ujumbe mkononi akiwa bado anasema. Maman Adèle alikuwa anaogesha watoto, akasema simu yake haina moto, betri imekufa, na yeye na Hugues wanapatana. Mwingine alimvuta Mapendo pembeni ya mlango akamnong'oneza ukweli: "Majina iko inaonekana, maman. Nikifinya hapana, Hugues ataona ni miye. Kesho nani atapiga filimbi kwangu?" Papa Anaclet alikuwa amejifungia chumbani. Mke wake alisema presha imepanda, na nyuma yake Mapendo akasikia mzee anakohoa kikohozi cha mtu mzima wa afya.

Lakini wanawake wa shirika walifinya. Mmoja alifinya akiwa amefumba macho. Wakafinya vijana wawili wa kwaya, na fundi wa saa, na Lucie kutoka chuoni. Mapendo alipotazama simu yake aliona jambo ambalo lingemfurahisha siku nyingine: waliosema hapana walikuwa wengi kuliko waliosema ndiyo. Ndiyo walikuwa vijana wa filimbi na ndugu zao, basi. Ila chini yao walilala wale wengine, zaidi ya mia, waliosoma na kunyamaza, na wote wale, kwa sheria yake mwenyewe, walikuwa wameshika kiberiti.

Alirudi bombani. Jua lilikuwa linashuka upande wa Bagira na kengele haikuwa mbali. Vijana walikuwa wamemvisha Zagabe tairi, likambana mabega. Mmoja alikuwa anamimina esanse juu ya nywele zake, polepole, asije akaipoteza, na Zagabe, ambaye jicho lake zima lilikuwa linawasha kwa esanse ile, alianza kulia kwa kumwita mama yake aliyekufa zamani.

Mapendo alisimama juu ya rundo la mawe, nyuma ya watu. Akafungua orodha ya kundi.

Alimtoa mwalimu. Akamtoa mama wa mega. Akamtoa aliyenong'ona. Kidole kilishuka, jina baada ya jina, asiyefinya nje, asiyefinya nje. Akamtoa Maman Adèle. Akamtoa Papa Anaclet, shefu wa avenue. Kama kimya chao kilikuwa kura, hatawaacha wawe wapiga kura. Simu za vijana zikaanza kuonyesha: Mapendo amemtoa huyu, Mapendo amemtoa yule.

"Anafanya nini?" kijana mmoja akauliza.

Hugues alitazama skrini. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa uso wake ulibadilika, na Mapendo akajua kwamba huzuni yote ya mtu yule imepata mahali pengine pa kwenda.

"Ameiba kura," Hugues akasema. Kisha akapaza sauti. "Maman Mapendo iko anaiba kura!"

Wezi wa kura katika nchi hii wanakaa mbali, nyuma ya kuta na walinzi, na watu wamezeeka wakiwatukana kwenye redio. Huyu alikuwa karibu, amesimama juu ya mawe, amevaa kitenge. Kilichotokea kilikuwa na hasira ya miaka yote ile. Walimvuta kwa mguu, akaanguka kwa kidevu na kujing'ata ulimi. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili kwenye kiwiko, na kiwiko kikalia. Hakuachia simu. Alijikunja juu yake na kuendelea kufinya kwa kidole cha gumba, akiwatoa watu huku anapigwa, na damu ya ulimi ikidondokea majina.

Akiwa chini pale aliona viatu. Alivijua. Kile cha kahawia kilichochubuka pua alikiuza kabla ya Pasaka, akamtafutia mwenyewe kamba mpya. Kile cheupe cha mpira kilikuwa kikubwa kidogo kwa mwenyewe, na kila kilipompiga ubavuni kilichelewa kurudi. Ubavu wa kwanza ulivunjika kwa kiatu alichokuwa amekisugua kwa mikono yake kwa sabuni na mswaki. Kisha Hugues akaja na kipande cha bomba la chuma, kile pekee Zagabe alichokiacha ardhini, akampiga juu ya jicho la kushoto. Jicho lilipasuka. Alilisikia likitiririka shavuni, moto kuliko machozi.

Na hapo ndipo watu walipotoka.

Mtu wa Kalengera unaweza kumwita kwenye msiba akachelewa, kwenye salongo akaumwa mgongo. Kumwokoa mtu asichomwe, mega zake zimeisha. Lakini mtoe kwenye kundi, atatoka ndani na taulo. Walitoka hivyo. Mwalimu alitoka na ndevu nusu zimenyolewa, nusu zina povu. Mama wa mega alitoka akipiga kelele kwamba yeye alichanga kwenye daraja. Milango ilifunguka juu na chini, watu wakateremka na simu mikononi, wamekasirika kikweli. Nani amenitoa? Juu ya nini? Miye nilikosa nini? Kengele ya kanisa ililia katikati ya makelele yale na hakuna aliyeisikia.

Maman Adèle alifika wa kwanza, mikono ina sabuni mpaka kwenye viwiko, na simu yake isiyo na moto inang'aa ndani ya kiganja.

"Mapendo! Miye njo unanitoa? Miye?"

Kisha akaona. Akamwona Mapendo ambaye uso wake haukuwa uso. Akaisikia harufu ya esanse, akamwona Zagabe ndani ya tairi, mtoto aliyemwibia kuku na ambaye yeye mwenyewe alimfukuza mara ngapi kwa jiwe, anatetemeka mpaka kamba inatetemeka. Hugues alikuwa ametupa bomba la chuma na kushika kiberiti.

"Rudi nyumbani, maman," Hugues akamwambia. "Weye umeshakubali. Hukufinya, umekubali."

"Miye nimekubali?" Maman Adèle akauliza. "Kinywa yangu ilisema lini?"

"Sheria njo inasema—"

Hakumaliza. Maman Adèle aliushika ule mkono wenye kiberiti na kuukunja nyuma, na kifundo kikavunjika kwa sauti iliyosikika mpaka juu ya mteremko. Njiti zilimwagika kwenye tope. Kijana mmoja alimrukia, akapokea kiwiko mdomoni, akakaa chini akitema meno.

"Miye sikukubali!" akapiga kelele. "Musikilize bote! Adèle hakukubali!"

Mwalimu alisimama na povu lake. Alitazama kushoto na kulia, akatafuta mahali pa kujificha ndani ya umati na hakupaona.

"Na miye," akasema, si kwa nguvu. "Sikukubali."

Wakasema wengine. Si wote, tusidanganyane. Wapo waliorudi nyumbani kimya, na wapo waliokuwa wameinua simu wanapiga video. Lakini walisema wa kutosha, na waliosema walisogea mbele, na vijana wa filimbi, ambao kila mmoja alikuwa na mama au shangazi katika wale waliosogea, wakaanza kudondosha fimbo. Papa Anaclet alikuja mwishoni, na koti, na yeye ndiye aliyekata kamba. Hugues alikaa kwenye tope akiushika mkono wake uliovunjika, akilia kwa sauti akiita Tatiana, Tatiana, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtuliza au kumpiga.

Waling'oa mlango mmoja wakambeba Zagabe juu yake. Mapendo alibebwa mgongoni na Maman Adèle.

Jicho halikuokoka. Mbavu ziliungana, kiwiko kilibaki kimepinda. Watu walikuja hospitali kumwona, na ndizi na chupa za juisi, wakalia kweli machozi, wakamwomba Mungu kwa sauti. Kisha, wakiwa mlangoni, wakageuka: "Na ile groupe, maman?" Lucie akawarudisha wote, mmoja mmoja, kwa simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka. Mapendo alitaka hivyo. Alisema waacheni warudi, wamejifunza kusema.

Zagabe alikuwa chumba cha wanaume, ng'ambo ya ua. Mapendo alimuuliza muuguzi habari zake kila asubuhi kabla hajauliza zake mwenyewe. Siku moja aliambiwa amekunywa uji, akafurahi mpaka akaona haya. Lakini mateke yale ya tumboni yalikuwa yamepasua kitu ndani ambacho hakuna aliyekiona, na mafigo yalikuwa yameacha kazi. Hakumaliza juma. Alikufa mchana, wakati wa chakula, mgonjwa wa kitanda cha pili akidhani amelala.

Papa Anaclet aliandika kwenye kundi: "Mutoto wetu Zagabe ametutoka. Mungu amupokee."

Simu ilikuwa chini ya mto wa Mapendo. Ililia. Ikalia tena, kisha haikunyamaza, ikatetemeka mchana ule wote mpaka mwanamke wa kitanda cha jirani akaomba izimwe. Lucie akaitoa amsomee mama yake. Pole sana kwa familia. Apumzike kwa amani. Mishumaa, mikono iliyokunjwa, nyuso za machozi, misalaba. Mwalimu aliandika mistari mirefu kuhusu thamani ya uhai. Wale waliorudi nyumbani kimya waliandika. Aliyenong'ona mlangoni aliandika, na jina lake, kwa herufi kubwa. Aliyepiga video aliandika.

"Ni bangapi?" Mapendo akauliza.

Lucie aliteremsha kidole, akateremsha, akateremsha.

"Ni bote, maman. Karibu bote."

Mapendo aligeuza uso kuelekea ukutani, upande wa jicho lililobaki.

"Leo bote bako na mega," akasema, na akalia kwa uchungu mpaka mbavu zikamkataza.